Tathmini ya Ujuzi kwa Mameneja wa Bandari
Meneja wa bandari anayetaka kuhamia Australia kikazi hutakiwa, kwa viza nyingi za wataalamu, kufanyiwa kwanza tathmini ya ujuzi. Watathmini hutazama majukumu aliyoyatekeleza kuliko jina la cheo chake. Hivyo, barua ya mwajiri ieleze idadi ya watumishi aliowasimamia, bajeti aliyoisimamia, upangaji wa meli gatini, upakuaji wa shehena, na tarehe za utumishi.

Tunawatahadharisha waombaji: ada ya tathmini hairejeshwi kwa sababu tu matokeo si mazuri. Aidha, kufaulu tathmini si kupewa viza. Uamuzi huo ni wa serikali ya Australia pekee. Wakala anayeahidi viza ya hakika kwa malipo ya ziada asilipwe.