Poromoko la Msimu: Maji Yasiyobisha Hodi

Wengi wetu hapa Pwani tuna jamaa zetu Eldoret, wa kazi, wa biashara au wa ndoa. Mimi nina wangu Soy, na kila likizo watoto huuliza: maporomoko ya maji yako wapi?

Soy yenyewe ni tambarare. Maji yake huelekea magharibi, yakaingia mto Nzoia hadi Ziwa Victoria. Anayetaka poromoko hupita Eldoret akaenda Iten, ambako uwanda huo hukatika ghafla. Hapo ndipo lilipo genge la Elgeyo, na Bonde la Kerio liko chini kwa zaidi ya mita 1,000. Juu ya genge kuna tabaka gumu la mwamba wa volkano. Kijito hakiwezi kulichimba upesi, basi kikifika ukingoni huruka. Poromoko linalojulikana zaidi ni la Torok, lakini viko pia vijito vidogo vinavyoonekana wakati wa mvua tu.

Sasa tusipime mvua ya huko kwa kalenda yetu. Sisi tuna masika na vuli. Uasin Gishu na Elgeyo hupata mvua kuanzia Machi hadi Septemba. Kwa hivyo ukienda Disemba au Januari, kaskazi ikivuma huku kwetu, utakuta jiwe kavu lenye alama ya maji. Ukienda likizo ya Agosti, utakuta maji tele.

Na Agosti ndiyo yenye hatari. Tumezoea kusema dalili ya mvua ni mawingu. Kwenye kijito cha mlimani, mawingu hayo huenda yako kilomita kadhaa juu yako, na wewe uko kwenye jua. Mteremko mkali na ardhi iliyokwisha kulowa hushusha maji yote kwa pamoja. Tarehe 1 Septemba 2019, watu saba walikufa katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, baada ya kufikwa na mafuriko ya ghafla. Mwaka 2012 vijana saba walifia korongo hilo hilo kwa namna hiyo hiyo.

Basi ukipeleka watoto, waulize wenyeji kwanza kama kumenyesha huko juu. Nenda asubuhi, maana mvua za huko hupenda kunyesha alasiri. Msikae ndani ya korongo wala kuoga chini ya poromoko. Maji yakigeuka rangi ya tope, yakileta vijiti na majani, au ukisikia mngurumo, usingoje kupiga picha ya mwisho. Acheni vitu, pandeni ubavuni mwa korongo. Msikimbie kufuata mkondo, kwani maji yatawashinda mbio.

Sisi watu wa bahari twajua kusoma maji kujaa na kupwa. Maji ya mlimani hayana saa. Tahadhari kabla ya athari.