Sarafu au Mali? Istilahi na Utozaji Kodi

Miongoni mwa istilahi zinazohitaji kuangaliwa kwa makini ni "sarafu fiche". Neno "sarafu" humfanya msomaji adhani kuwa kitu hiki ni fedha halali, na kwamba kukiuza kwa shilingi ni sawa na kuvunja noti, jambo lisilotozwa kodi. Sheria haioni hivyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ilikihesabu kuwa mali, ikamtaka mwenye jukwaa la mabadilishano azuie asilimia 3 ya malipo. Kenya nayo ilitoza asilimia 3 ya thamani kuanzia Septemba 2023. Mwaka 2025 iliifuta kodi hiyo, ikaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma.

Neno "fiche" nalo lina kasoro. Daftari la Bitcoin, lililoanza Januari 2009, liko wazi kwa kila mtu. Kilichofichika ni jina la mwenye mali, kwani daftari huonyesha anwani tu. Na hapo ndipo ugumu wa mtoza kodi ulipo.

Kwa hiyo tunapendekeza "mali ya kidijitali" katika maandishi ya kodi. Aidha, kwa kuwa kila ukurasa wa daftari hilo hufungamanishwa na uliotangulia, tunapendekeza "daftari mnyororo" badala ya "mnyororo wa vitalu". Kitalu ni mahali pa kukuzia miche. Wasomaji wanaombwa watuletee maoni yao.