Urithi wetu usimfungie mlemavu mlango

Wahenga walisema kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hutajwa sana na viongozi wetu kila wanapofungua tamasha za utamaduni, nao vijana hukaripiwa kwayo wanapoonekana kupendelea mambo ya ugenini. Hata hivyo, wahenga hawakutuambia apewe jina gani mtu ambaye hakuiacha mila yake, bali ameikuta imewekwa juu ya ngazi asizoweza kuzipanda, au nyuma ya kioo asichoweza kuona kilichomo, au kinywani mwa mwelezaji asiyeweza kumsikia. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia leo, nikitumia mifano miwili ya magharibi mwa Kenya, nayo ni Makavazi ya Kitale na ngome ya Chetambe iliyoko karibu na Webuye, katika kaunti ya Bungoma.

Makavazi ya Kitale yana historia ya kipekee. Yalianzishwa mwaka wa 1926 na mlowezi mmoja Mwingereza, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekuwa na mazoea ya kukusanya wadudu, ndege, wanyama waliokaushwa, vitabu na vifaa vya wenyeji. Alipofariki mwaka wa 1966 aliacha wasia kwamba mkusanyo wake uwe mali ya taifa, pamoja na fedha za kuujengea nyumba. Jengo jipya likafunguliwa mwezi wa Desemba 1974, likawa makavazi ya kwanza ya taifa kufunguliwa nje ya Nairobi na pwani. Tangu hapo wanafunzi wa Trans Nzoia, Bungoma, Pokot Magharibi, Kakamega na kwingineko wamekuwa wakifika pale kwa mabasi ya shule ili watazame nyoka na kobe, waingie katika nyumba za kiasili za jamii za eneo hilo, na wapite katika kijia kilicho ndani ya msitu wa asili.

Msomaji atafakari vitenzi nilivyovitumia hapo juu: kutazama, kuingia, kupita. Makavazi, kwa jinsi yalivyobuniwa huko Ulaya na kuletwa kwetu, ni nyumba ya mtu mwenye macho mawili na miguu miwili. Kipepeo wa Stoneham yuko ndani ya sanduku la kioo, na maelezo yake yamechapishwa kwa herufi ndogo. Nyumba ya msonge, kwa upande wake, ina mlango mfupi na kizingiti kilichoinuka, kwa sababu ndivyo wazee wetu walivyojenga. Kijia cha msituni kina mizizi na matope wakati wa masika. Hakuna aliyekusudia kumzuia mlemavu. Alisahauliwa tu, na kusahauliwa huko kumemzuia kana kwamba ni amri.

Sheria, hata hivyo, haikumsahau. Mwaka wa 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyowapa wenye majengo yanayotumiwa na umma muda wa miaka 5 wa kuyarekebisha. Mwaka wa 2008 Kenya iliidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao, ambao katika kifungu chake cha 30 unataja waziwazi makavazi na sehemu za kumbukumbu za taifa. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 54, ikampa mlemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, kupata habari, na kutumia lugha ya ishara na maandishi ya breli. Sheria ile ya 2003 sasa imechukuliwa nafasi na nyingine ya mwaka wa 2025. Kwa hiyo hatuna upungufu wa sheria. Upungufu wetu ni wa waashi, maseremala na wasimamizi wanaozigeuza sheria hizo kuwa saruji na mbao.

Na kazi yenyewe si ya kutisha. Mafundi wanafahamu kwamba njia ya mteremko inayofaa kiti cha magurudumu hupandishwa sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Ngazi moja yenye kimo cha sentimita 15 huhitaji mteremko wa mita 1 na sentimita 80. Ngazi tatu za kimo hicho zitahitaji mita 5 na sentimita 40, pamoja na ukingo wa kushikilia. Mlango wenye upana wa sentimita 90 humpitisha mtu na kiti chake bila ya kugwaruza vidole. Choo kinahitaji nafasi ya kugeuka na chuma cha kujishikilia. Huo ni mradi ambao fundi wa Kitale anaweza kuumaliza bila ya kumwita mtaalamu kutoka ng'ambo.

Kuhusu kijia cha msituni, mfano hauko mbali. Katika kaunti hiyo hiyo ya Trans Nzoia iko mbuga ya Saiwa, iliyotengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya kumhifadhi nzohe, yule swala aishiye majimaji. Kwa kuwa mbuga hiyo hutembelewa kwa miguu, vilijengwa vijia vya mbao juu ya kinamasi ili wageni wapite. Ikiwa tuliweza kutandaza mbao ili mtalii asilowe viatu, tutasema nini tukiambiwa tutandaze mbao hizo hizo ili mtoto aliye kitini aone msitu wa nchi yake?

Lakini lingekuwa kosa kudhani kwamba suala hili ni la ngazi na viti vya magurudumu pekee. Nadhani hasara kubwa zaidi imempata kipofu. Kabla ya kuja kwa makavazi, historia ya Wabukusu ilihifadhiwa katika sauti. Mzee mwenye heshima alipozikwa, alisimama mnenaji maalumu akasimulia asili ya koo, safari za mababu, vita na mapatano, katika hotuba iitwayo kumuse. Mpiga litungu aliimba sifa na aibu za watu, na nyuzi zake zikasikika hata nje ya boma. Katika baraza kama hilo kipofu hakupungukiwa na lolote. Aliketi na wenzake, akasikia walichosikia, na pengine akakumbuka zaidi yao.

Kisha tukaichukua historia hiyo tukaitia ndani ya kabati. Litungu lililokuwa likisema likatundikwa ukutani, kimya, na chini yake pakaandikwa kwamba hiki ni chombo cha muziki. Mwenye macho alipata kitu kipya cha kutazama, na asiyeona akapokonywa kile alichokuwa nacho. Kumrudishia haki yake si kumfanyia hisani. Ziundwe nakala za litungu, ngao, mtungi na jembe, ili wageni wazishike na kuzipapasa, huku vile vya asili vikiendelea kuhifadhiwa. Yarekodiwe masimulizi ya wazee kwa Kibukusu, Kisabaoti, Kipokot na Kiswahili, yasikilizwe palepale. Maelezo ya kila chumba yachapishwe kwa breli, zile nukta zinazosomwa kwa vidole. Mafundi wa kuchonga mbao, kufinyanga vyungu na kutengeneza litungu wangali wapo vijijini, nao watapata riziki kwa kazi hiyo.

Kiziwi naye ana dai lake. Yeye huviona vitu, ila maelezo yanampita. Mwelezaji mmoja tu aliyefundishwa lugha ya ishara ya Kenya angetosha kubadilisha ziara ya darasa zima la wanafunzi wasiosikia. Ni vyema, aidha, ajira hiyo ipewe kiziwi mwenyewe, maana lugha hiyo ni yake.

Sasa tugeukie Chetambe, ambako ugumu ni wa namna nyingine. Mwaka wa 1895 jeshi lililoongozwa na Charles Hobley, likiwa na askari wa Kisudani na wasaidizi wa Kiganda na Kimaasai, lilishambulia kwanza ngome ya Lumboka, kisha ile ya Chetambe, ambako Wabukusu na majirani zao walikuwa wamejikusanya. Waliokufa walikuwa wengi, na ushindi huo ndio uliofungua njia ya utawala wa Waingereza katika sehemu hiyo. Ngome ilijengwa juu ya kilima kwa sababu ya ulinzi: adui aone taabu kufika. Taabu hiyo ingali ipo zaidi ya miaka 125 baadaye, isipokuwa sasa anayeipata si adui bali ni mjukuu wa waliokufa pale.

Wapo watakaosema kwamba kilima hakiwezi kuchongwa, na kwamba kumbukumbu ikiguswa huharibika. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Handaki la ngome likijazwa saruji, tutakuwa tumewapa walemavu kitu ambacho si Chetambe tena. Hata hivyo, hoja hiyo inakataza kuharibu, haikatazi kufikiri. Gari linaweza kupewa njia ya kukaribia kadiri mahali panavyoruhusu bila ya kuukanyaga urithi wenyewe. Panaweza kutengwa uwanja tambarare, wenye kivuli na viti, ambapo mtu ataliona bonde na kuelewa kwa nini mababu walichagua pale. Aidha, mfano mdogo wa ngome, uliofinyangwa kwa udongo au kuchongwa kwa mbao, ukionyesha ukuta, handaki na malango, unaweza kuwekwa mjini Webuye au Bungoma. Asiyeona ataizunguka ngome kwa mikono yake, na mwenye macho pia atafahamu jambo ambalo nyasi za kilimani zinamficha.

Hoja ya pili ni kwamba walemavu ni wachache, na fedha ni haba. Sensa ya 2019 ilihesabu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, yaani takriban watu laki 9. Hao si wachache. Na hata tukiwaita wachache, hujafa hujaumbika: ajali ya barabarani, kisukari au uzee vyaweza kumwingiza yeyote kati yetu katika hesabu hiyo. Tena fikiria ni nani leo anayeijua historia ya Chetambe kwa kuipokea kutoka kwa babu yake. Ni mzee wa miaka 80, mwenye mkongojo na macho yaliyofifia. Tumepajenga mahali pa kumbukumbu ambapo mwenye kumbukumbu hawezi kufika, kisha tunashangaa kwamba vijana hawana wa kuwasimulia.

Hoja ya tatu haisemwi hadharani, ila hutendwa kila siku: "Akija, tutambeba." Wanaosema hivyo wana moyo mwema. Lakini mtu mzima aliyebebwa mgongoni mbele ya wageni hakuingia makavazi, bali ameingizwa kama mzigo, na safari ya pili hatakuja. Mtoto naye hujifunza mapema. Mwalimu akimwambia abaki ndani ya basi na dereva hadi wenzake warudi, somo atakalolikumbuka siku hiyo ni kwamba historia ni ya wengine.

Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba mambo yanaweza kuwa kinyume. Huko Mombasa, karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka wa 1969 na kusimamiwa na Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, ziliwapa walemavu kazi ya kutengeneza mapambo, nguo na vinyago, na kando yake pakajengwa nyumba za kiasili za jamii mbalimbali za Kenya ili watalii wazizuru. Pale mlemavu hakuwa mgeni wa kuhurumiwa. Ndiye aliyekuwa mwenyeji akionyesha utamaduni wa nchi. Kitale nako kuna nyumba za namna hiyo hiyo. Wasimamizi wake wanaweza kuwaita walemavu wa Trans Nzoia na Bungoma, wakae nao, wazunguke nao kila chumba, na waulizwe wanakwama wapi kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Mteremko uliojengwa bila ya kumwuliza atakayeupanda mara nyingi huishia kuwa mkali mno, au kuelekea kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli.

Ni nani basi wa kulipa? Katiba iliyagawa majukumu haya. Kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa ziliachiwa serikali kuu, ilhali makavazi ya kaunti na shughuli za utamaduni zikakabidhiwa kaunti. Mgawanyo huo umekuwa kisingizio cha kila upande kumsubiri mwenzake. Shirika la Makavazi ya Taifa lina wajibu wake Kitale, na sheria ya mwaka wa 2006 ya makavazi na turathi inalipa mamlaka ya kutosha. Serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, kwa upande wao, hutenga fedha kila mwaka kwa ajili ya utamaduni na utalii. Mabunge ya kaunti hizo yadai kwamba hakuna shilingi ya umma itakayotumika katika mahali pa urithi pasipokuwa na mpango wa kumfikisha mlemavu. Sharti hilo moja, likiandikwa katika makadirio ya fedha, litafanya kazi kuliko hotuba nyingi.

Kitale ianze na yaliyo rahisi: mteremko, mlango, choo, nakala za kushikwa na mwelezaji wa lugha ya ishara. Chetambe ipimwe na wataalamu wa mambo ya kale wakiwa pamoja na wazee na walemavu wa Webuye, na mfano wa ngome uanze kutengenezwa wakati upimaji ukiendelea. Wazee wanaokumbuka walichosimuliwa wanapungua kila mwaka, na masimulizi yao hayatangoja tufani ya siasa ipite ndipo yarekodiwe.