Kadi za Wachezaji Mikononi mwa Watoto: Maswali ya Mama Zetu

Tangu skuli zilipofungwa, maswali yanayotufikia baada ya darsa za akina mama hayahusu tena udhu na eda peke yake. Yanahusu kadi: vile vipande vya karatasi ngumu vyenye picha za wachezaji wa kandanda, ambavyo watoto wa Kibokoni na Kuze huvikusanya, huvibadilishana barazani na, kama tulivyoelezwa, huvigombania. Wazazi wengi wanadhani ni uzushi wa juzi. Sivyo. Huko Marekani kadi za wachezaji zilitiwa ndani ya pakiti za sigara zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kampuni ya Panini ya Modena, Italia, ilitoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia mwaka 1970.

Kukusanya kwenyewe si kosa. Wazee wetu wa Mji wa Kale waliweka stempu, na wapo waliohifadhi hadi leo pesa za shaba zenye jina la Mombasa zilizopigwa mwaka 1888. Ama picha, maulamaa wamekhitalifiana, na kila mzazi ana mwalimu wake wa kumrejea. Tunachosema ni kwamba zisibandikwe ukutani mbele ya mwenye kuswali.

Swali la pakiti iliyofungwa ni zito zaidi. Mnunuzi hajui kilichomo, na mauzo ya kitu kisichojulikana, yaani gharari, yamekatazwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Na tuipige hesabu. Albamu ya Kombe la Dunia la Qatar ya mwaka 2022 ilikuwa na picha 670, na pakiti moja ilikuwa na picha tano. Lau hakuna picha ingejirudia, pakiti 134 zingetosha. Lakini hujirudia, tena sana: mtoto asiyebadilishana na mwenzake angehitaji, kwa wastani, zaidi ya pakiti 900. Picha ya mwisho peke yake, ile moja iliyobaki, ingemgharimu wastani wa pakiti 134 nyingine! Wapo wenzetu wanaoruhusu, kwa hoja kwamba kila pakiti ina idadi ile ile ya karatasi na bei yake ni ndogo. Sisi hatukuridhika. Mtoto hanunui karatasi, ananunua matumaini ya kumpata Salah. Basi na anunue kadi anayoiona kwa macho, au abadilishane mkono kwa mkono na mwenzake kwa ridhaa ya wote wawili.

Lililotushughulisha kuliko yote ni la mama mmoja ambaye mwanawe wa miaka tisa alitoka nyumbani na kadi arubaini akarudi mikono mitupu. Mchezo wenyewe ni huu: kadi huwekwa chini kifudifudi, mtoto huipiga kwa kiganja, ikipinduka ni yake. Siku ya pili kijana alichukua pesa katika pochi ya mamake ili anunue nyingine akazikomboe zile za kwanza. Aliyeshinda ni mtoto wa jirani, nyumba zao zimeshirikiana ukuta, na mama hao wawili hawajasemezana tangu siku hiyo.

Huo ni kamari, ile maisiri iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Udogo wa kitu hauibadilishi hukumu. Watoto hawajabaleghe, hivyo hawaandikiwi dhambi, lakini mali iliyopatikana kwa njia hiyo haikumilikiwa, na ni juu ya mlezi kuirudisha. Kwa hivyo zile kadi arubaini zirudi. Na ewe mama uliyetuuliza, mwanao naye azirudishe zote alizowahi kuwashinda wengine, na zile pesa za pochi azilipe kwa kutumwa sokoni na kuchota maji. Kisha chukua sahani ya vitumbua umwendee jirani yako. Usimtaje mtoto wake kabla hajakukaribisha kuketi.

Vijana hupenda kututajia kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyouzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Ni kweli, iliuzwa. Lakini ilipata bei hiyo kwa kuwa zilizosalia katika hali nzuri kama ile ni chache mno, ilhali za leo huchapishwa kwa wingi usiokuwa na hesabu. Isitoshe, kisiwani petu hewa ya bahari hukunja karatasi na kuiotesha ukungu. Anayetaka zidumu azitie katika mifuko ya plastiki, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na ukuta wa mawe unaotoa unyevu.

Mama mwingine aliuliza kama kadi mia tatu za mwanawe zina zaka. Hazina, maadamu ni za kuchezea na kutazama. Akianza kununua nyingine kwa nia ya kuziuza, hesabu ya mwaka huanza siku hiyo, na mwaka ukitimia na thamani ikafika nisabu, atatoa asilimia 2.5.