Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Wazee wetu waliosema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka hawakuilaumu fimbo. Yaweza kuwa ngumu na nzuri. Kosa lake ni kwamba haimo mkononi. Neno hilo twalikumbuka kila tunapofikiri habari za Bukoba na Muleba, maana katika nchi ile ya migomba, milima na ziwa, mara kwa mara taifa limekuwa na fimbo, na nyoka akauma kabla fimbo haijafika.

Tuanze na ziwa. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Meli hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa peke yao walizidi 800. Mengi yamesemwa juu ya uzito na uzembe, na yalistahili kusemwa. Lakini liko swali ambalo halikuulizwa vya kutosha: kwa nini watu walijazana vile? Walikuwa wafanyabiashara wa ndizi, wanafunzi, wagonjwa na wazazi wenye watoto, nao walikuwa na njia moja iliyo nyepesi. Barabara ya kuzunguka ziwa kwa kusini haikuwa na lami mfululizo siku zile. Mtu mwenye njia moja tu hana hiari. Hupanda hata akiona chombo kimeelemewa.

Tena, meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu walio hai waliosikika wakigonga. Chuma kilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka na meli ikashuka chini. Wazamiaji wenye vifaa walikuja kutoka Afrika ya Kusini. Walipofika, kazi iliyobaki ilikuwa kutoa maiti.

Ikapita miaka 26. Jumapili tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air, yenye watu 43, ilianguka ziwani katika mvua, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 24 waliokoka na 19 wakafa. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, miongoni mwao kijana Majaliwa Jackson, ambaye baadaye iliagizwa apewe kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba mashua ya uokoaji ya polisi ilifika baada ya saa kadhaa, na kwamba wazamiaji hawakuwa na hewa ya kutosha katika mitungi yao. Ndege ilikuwa mbele ya macho ya watu waliosimama ufukoni. Watu wakavuta kwa kamba.

Sasa tuuache ufuko tupande nchi kavu. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9, na kitovu chake kilikuwa upande wa Nsunga, wilayani Missenyi. Watu 17 walikufa mkoani na mamia wakajeruhiwa. Nyumba za matofali mabichi zilianguka. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata wanafunzi wakapelekwa kwingine. Na wengi wakalala nje kati ya migomba yao. Taifa lilichanga, na vitu vikaletwa.

Lakini mtu atazame ramani. Njia kuu ya magari kutoka Bukoba kwenda Nsunga yapita daraja la Kyaka, juu ya Mto Kagera. Wazee wa huko walijua maana ya daraja hilo Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipolivunja: siku moja upande mmoja wa mkoa ukawa kama nchi nyingine. Mwaka 2016 daraja lilisimama, na malori yakapita. Je, lingeanguka siku ile? Majeruhi wa upande wa kaskazini wangevushwa na nani, kwa chombo gani, na mahema yangekuwa yamewekwa ng'ambo ipi? Swali kama hilo hujibiwa kabla ya siku yake. Likiulizwa siku yenyewe huwa kilio tu.

Na maafa hayaji kwa kishindo kila mara. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika Bukoba vijijini. Watu tisa waliugua na sita wakafa, mpaka Serikali ilipotangaza tarehe 2 Juni kwamba umekwisha. Mgonjwa wa kwanza alikuwa amerejea nyumbani kutoka kisiwa cha Goziba, mbali ndani ya ziwa, katika wilaya ya Muleba. Ugonjwa ulipata chombo cha kuvukia, kama wapatavyo wavuvi na wachuuzi kila siku. Swali ni kama mganga naye angepata chombo kwa wepesi uleule.

Wataalamu wa siku hizi wametufundisha jambo moja la maana: umbali wa kweli hupimwa kwa saa, wala haupimwi kwa kilomita. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Paul Ouma, wa Nairobi, walichapisha hesabu ya hospitali za umma katika nchi 48 za Afrika kusini ya Sahara. Walitazama barabara, miteremko na mito, wakakadiria mwendo wa miguu na wa gari, wakaona kwamba watu 29 katika kila 100 wanaishi mahali ambapo safari ya kufika hospitali yapita saa mbili. Saa mbili ni nyingi kwa mama anayetokwa na damu. Hapa kwetu, Dar es Salaam, kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015 iliwatoa wanafunzi na wakaazi wakachora vichochoro na mifereji ya mitaa yao, wapate kujua maji ya mafuriko yatapita wapi. Hawakukosea kuanza na hilo, maana mji mkubwa kama ule, wenye mabasi yaendayo haraka, umekatwa vipande mara nyingi pale Jangwani kwa sababu ya Mto Msimbazi kufurika.

Twataka hesabu ya namna hiyo ifanywe Bukoba na Muleba, tena ifanywe wakati wa masika. Njia ya kiangazi si njia ya Aprili. Mji wa Bukoba umekaa chini ya genge, ziwa likiwa mbele yake na Mto Kanoni ukipita katikati. Mei 2024 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita hata kipimo cha mwaka 1964, na ziwa likijaa, mto hukawia kutoa maji yake. Huko Muleba hospitali za Rubya na Ndolage, zilizoanzishwa na misheni, ziko vilimani. Mgonjwa wa Bumbire au Ikuza huvuka maji kwanza, akangoja gari mwaloni, kisha akapanda mlima. Mtu mmoja huyo ana safari tatu, na kila safari ina mahali pake pa kukwama: injini isiyo na petroli, gari lililokwenda kwingine, kilima chenye utelezi. Atakayetaka kumwokoa hana budi kujua ni wapi kati ya mahali hapo saa zinapotea.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Barabara ya lami imefungua nchi, na daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, limemwondolea mgonjwa aendaye Bugando adha ya kungoja kivuko. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kutoka taifa mpaka kijiji na mtaa. Sheria ni njema. Lakini kamati iliyoandikwa katika karatasi, ambayo haijui mitumbwi mingapi ina injini katika mwalo wake, ni fimbo nyingine ya mbali.

Basi yatupasa sisi wanachama na wafanyakazi tuanze na yaliyo karibu. Kila mwalo uwe na orodha ya mitumbwi, manahodha na namba zao za simu. Makoti ya kuokolea, kamba na petroli ya akiba viwekwe hapohapo ufukoni, vikaguliwe, na atakayevitumia kwa safari zake aulizwe. Madereva wa magari na wa bodaboda wajue ni nani ataitwa usiku. Mahema, dawa na chakula cha akiba viwekwe pande zote mbili za Mto Kagera. Kila mwaka, kabla ya masika, mji, uwanja wa ndege na wavuvi wafanye zoezi pamoja, ili wajuane kwa sura kabla ya kukutana katika msiba. Na balozi wa shina ajue katika nyumba zake ni nani asiyeweza kutembea, na ni njia ipi ya kibanjani iwezayo kupitisha machela.

Tena neno hili twalisema wazi kwa wenzetu wa chama: mafuriko hayaulizi kadi. Orodha ya balozi ni ya watu wote wa nyumba zile, na hema la msaada halina rangi. Atakayegeuza msaada kuwa zawadi ya kuwatunza marafiki zake amewaibia walioumia, na amekiaibisha chama kilichomweka.

Wako watakaosema kwamba nchi yetu bado ni maskini. Twajua. Lakini kupima saa za njia kwahitaji miguu, saa ya mkononi na kalamu. Kuandika majina ya manahodha hakuhitaji mkopo. Na wako watakaosema kwamba watu wetu ni mashujaa, watajiokoa. Hao twawaogopa zaidi. Ushujaa wa mvuvi mwenye kasia ni heshima kwake. Kwetu sisi wenye madaraka ni deni. Hatuwezi kumsifu kila mara kwa kufanya kwa mikono mitupu kazi ambayo tulipaswa kumpa vifaa vyake.

Tulipokuwa watoto katika shule za misheni tulisomewa kisa cha Msamaria mwema, tukafundishwa juu ya huruma yake. Ukubwani tumeona jambo jingine katika kisa hicho. Yule mtu alikuwa na mnyama wa kumbebea majeruhi, alikuwa na mafuta na divai ya kutia jerahani, alijua nyumba ya wageni ilipo, na alikuwa na fedha ya kulipa. Waliompita majeruhi huenda nao walimhurumia. Yeye alikuwa na huruma pamoja na njia ya kuitimiza.

Msimu mwingine wa mvua waja, na ziwa liko palepale. Tuisogeze fimbo ifike mkononi.