Cheche kwa Wakati Wake

Tulikuwa Kasubi, mjini Kampala, si mbali na kilima cha makaburi ya Wakabaka, tukitazama Land Rover kuukuu iliyorudishwa gereji kwa mara ya pili. Ikisimama ilinguruma vizuri. Ikipakiwa watu na kupanda mlima, injini iligonga kama misumari ndani ya kopo. Ugonjwa huo wanaujua askari wengi waliowahi kukabidhiwa gari la namna ile, lenye injini ya petroli ya lita 2.25.

Fundi hakugusa kabureta. Alichomoa kijibomba chembamba upande wa kabureta, akakifyonza kwa mdomo. Hewa ilipita bila kizuizi: utando wa mpira ndani ya kikombe cha bati kilicho ubavuni mwa distributa ulikuwa umepasuka.

Kazi ya kikombe hicho ni hii. Gari likienda taratibu kwenye tambarare, mafuta yamekanyagwa kidogo, ombwe hutokea katika njia ya hewa. Mchanganyiko uingiao silinda huwa haba na huungua polepole, basi cheche haina budi kutangulia. Ombwe huuvuta utando, utando husogeza bamba la pointi, na cheche huwahi. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho mlimani, ombwe hutoweka, silinda hujaa, moto hukimbia, na cheche hurudi nyuma.

Utando ulipopasuka, gari lilidhoofika na kula petroli. Aliyelishughulikia kwanza hakutafuta sababu. Alizungusha distributa nzima ili cheche iwahi. Gari likachangamka, lakini cheche iliyotanguliwa kwa mkono hairudi nyuma mlimani. Moto hushika mno pistoni ingali inapanda, na kugonga huko kukiachwa, pistoni hutoboka. Kwetu sisi hiyo ni hasara isiyo na udhuru, maana kikombe hubadilishwa bila kufungua injini.

Kikombe kipya kilipowekwa, fundi alianza na pointi, akaziachanisha kati ya milimita 0.35 na 0.40. Nafasi hiyo ikibadilika, wakati wa cheche nao hubadilika. Amalizaye na pointi amejisumbua bure. Kisha akazungusha injini kwa mkono hadi silinda ya kwanza ikafika kwenye mgandamizo na alama ikalingana na kipimo cha kitabu cha gari. Akaunga balbu ndogo, waya mmoja kwenye distributa, wa pili kwenye bodi, akafungua swichi, akalegeza distributa na kuizungusha taratibu. Balbu ilipowaka, pointi zilikuwa zimeachana. Akakaza. Atumiaye taa ya taimingi injini ikinguruma, achomoe kijibomba na kukiziba kwanza, ombwe lisije likamdanganya.

Madereva wa safari ndefu wana jambo la ziada. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya nane. Injini iliyotegwa huku kwa sikio, ikastahimili cheche ya mapema, yaweza kuanza kugonga ikifika pwani na mzigo.

Ile Land Rover iliondoka na watu saba. Tulisimama kandokando ya barabara tukisikiliza hadi ilipopotea juu ya mlima. Haikugonga.