Ndugu Aliyeacha Sakramenti Arudi kwa Njia Gani?



Somo la leo lahusu watu ambao kila mmoja wetu anawajua kwa majina. Walibatizwa, walipokea Komunyo ya kwanza, wengine walifunga ndoa mbele ya altare, kisha waliacha. Majina yao yangali katika kitabu cha ubatizo, bali mahali pao kanisani ni patupu. Tukiwauliza wakristu, "Fulani yuko wapi?" twajibiwa, "Ah, yule alikwisha kuanguka." Ndivyo tunavyomaliza habari yake, kana kwamba amezikwa.

Tuangalie kwanza sababu, maana katika nchi yetu ya Lualaba si wote walioacha kwa kumchukia Mungu. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na tangu siku zile maisha ya mkristu yalifungamana na kampani: kazi, nyumba ya kambi, shule ya watoto, na kanisa karibu. Mwaka 1978 vita vilitawanya watu. Mwaka 1992 na 1993 ndugu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakaondoka bila vyombo wala karatasi. Tena tangu mwaka 2003 Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000. Wababa waliozoea kwenda Misani katika koti safi walishika nyundo na mfuko, wakachimba pamoja na vijana. Na mashimoni Dominika haijulikani. Pale Kasulo, tangu mwaka 2014, watu wamechimba kobalti hata chini ya sakafu za nyumba zao. Mtu akitoka shimoni saa nne ya Dominika, na udongo mwilini, haingii kanisani, anaona haya. Dominika ya pili anaona haya kwa ajili ya ile ya kwanza. Hivyo miaka kumi inapita.

Wengine walikwenda katika makanisa ya maombi siku mtoto wao alipougua, maana watu wa kule walikuja nyumbani usiku kusali, na sisi hatukuja. Wengine walitwaa mke wa pili. Wengine walisikia majina yao yakisomwa mbele ya watu wote kwa sababu ya mchango usiolipwa, wakainama, wakatoka, na hawakurudi.

Jambo hili si geni katika Afrika. Mwaka 250 Kaisari Desio aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma na kupata barua ya kushuhudia hayo. Katika mji wa Karthago, ulio katika nchi ya Tunisia ya leo, wakristu wengi walitii kwa hofu. Wengine hawakutoa sadaka bali walinunua barua kwa feza. Mateso yalipotulia walitaka kurudi. Hapo walitokea watu wa namna mbili. Hawa walisema: walioanguka wasipokelewe kamwe. Wale walisema: waingie leo, bila kitubio chochote. Askofu wao, Mtakatifu Sipriani, alikutana na maaskofu wenzake mwaka 251, nao wakakataa yote mawili. Mlango ubaki wazi, walisema, lakini habari ya kila mtu itazamwe peke yake, maana aliyenunua barua si sawa na aliyetoa sadaka. Na mateso mengine yalipokaribia, waliwafupishia njia wale waliokuwa wakifanya kitubio, wasiende vitani bila Mwili wa Bwana. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka 258. Hakuwa mtu wa kuchezea imani, lakini hakufunga mlango.

Katika makosa yale mawili, mimi naona letu ni lile la kwanza, ila sisi tunalificha chini ya desturi zetu. Kwa hiyo tutenganishe amri za Kanisa na yale tuliyoyaongeza sisi.

Je, aliyebatizwa tena mtoni na kanisa jingine, abatizwe mara ya tatu akirudi kwetu? Hapana. Ubatizo haurudiwi, ule wa kwanza ulitia alama katika roho yake, nayo haikufutika hata siku moja.

Afanye nini basi? Ajute dhambi zake na kuziungama kwa padri. Anayejijua kuwa na dhambi kubwa asipokee Komunyo kabla ya kuungama: amri hii yamshika yeye, nayo yatushika sisi tunaokaa viti vya mbele. Ikiwa alijiandikisha katika dini nyingine, padri atamwambia lililo lazima zaidi. Lakini asimame mbele ya watu na kueleza dhambi zake? La. Siri ya maungamo ni siri, na mzee wa kanisa hana haki ya kumwuliza alilala na nani.

Karatasi ya ubatizo imepotea vitani? Iandikiwe parokia alikobatizwa. Kama kule pia vitabu havipo, sheria ya Kanisa, katika kanuni 876, yakubali neno la shahidi mmoja mwaminifu, ikiwa hakuna mtu anayedhuriwa na jambo hilo. Naye aliyebatizwa akiwa mtu mzima aweza kushuhudia mwenyewe kwa kiapo. Mtu asizungushwe miaka miwili kwa ajili ya karatasi.

Na mwenye ndoa isiyo ya Kanisa? Hapa neno ni gumu, nami sitalirahisisha. Katekista hana ruhusa ya kumwahidia Komunyo, wala hana ruhusa ya kumfukuza. Papa Fransisko aliandika mwaka 2016 kwamba walioachana na kuoa tena wasijione kuwa wametengwa na Kanisa. Mtu huyo aje Misani, asali, alete watoto mafundishoni, na padri aitazame ndoa yake pamoja naye. Mwenye wake wawili atahitaji uvumilivu mrefu, na wale wanawake wawili pia ni watu wenye roho na machozi. Lakini wengi tunaowahesabu hapa ni watu wa mume mmoja na mke mmoja, waliokwama tu kwa sababu mali ya ndoa haijakwisha. Njia ya hawa ni fupi. Wazee wa jumuiya waende kwa wajomba wa mke wakaongee nao kwa heshima.

Na anayedaiwa mchango? Kusaidia Kanisa ni wajibu wa kweli. Padri naye anakula. Lakini kanuni 848 yaagiza maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Wala deni la mchango halimo kati ya sababu za kumnyima mtu maziko ya Kanisa. Hata mdhambi wa wazi, akionyesha alama ya majuto kabla ya kufa, hanyimwi. Anayemtisha mjane kwamba mumewe hatazikwa kikristu kwa sababu ya deni, anamtisha kwa amri yake mwenyewe.

Sasa, nani aende kumwita? Hapa Kolwezi tuna mfano wetu. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Kwa miaka mingi alifundisha kama bwana anayejua yote, na aliona kwamba maneno yake hayaingii. Ndipo alipoanza kuwauliza watu wenyewe wanatamani nini. Walimjibu: uzima, uzazi, mapendo. Kutoka mazungumzo ya namna hiyo na wafanyakazi wa Union Minière pale Ruwe, mwaka 1953, ilizaliwa Jamaa. Baadaye vikundi vingine vya Jamaa vilipotea njia na kutengana na maaskofu, na hilo tusilifiche. Lakini lile swali lake lafaa hata leo.

Basi waende watu wawili, afadhali mume na mke, wanaoishi jirani naye. Wasibebe daftari. Wasiende siku ya kukusanya mchango. Wamkute jioni, waketi, waulize habari za watoto na za shimo, wamwache aseme. Akilaumu Kanisa, wasijibu upesi; huenda lawama ina ukweli. Wakiondoka waseme tu, "Baba, tunakukosa." Warudi tena baada ya juma mbili, hata kama mara ya kwanza alinyamaza.

Padri naye aombwe jambo moja. Maungamo ya asubuhi ya Dominika hayamfai mtu anayejificha. Aketi Jumamosi usiku, wakati wachimbaji wamekwisha kuoga, na saa hiyo itangazwe mashimoni na sokoni kama inavyotangazwa kanisani.